Kula kiapo

Mahakamani Mbeya au Iringa, shahidi Mkristo huinua Biblia kwa mkono wa kulia, kisha anakula kiapo. Kwa nini tunakila, na kuapa ni kazi ya kutamka? Kamusi za zamani zinalipa neno kiapo maana mbili: yamini, na mtihani wa kumfichua mkosaji. Kule Rungwe, Wanyakyusa waliuita mtihani huo umwafi. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa dawa. Akitapika, hana hatia. Kiapo kilipita kooni kweli, na naona kitenzi kula kinafaa hapo kuliko popote.

Sheria ya leo ya Tanzania haina dawa ya kunywesha, lakini neno limebaki. Hata hivyo si kila shahidi hukila: tangu 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kushuhudia bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Ahadi ni neno jepesi masikioni, lakini iliposahauliwa, ushahidi wa watoto waliobakwa umewahi kufutwa kwenye rufaa. Hilo linaniuma sana. Waheshimiwa mahakimu, tafadhali, ahadi ya mtoto iandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kabla hajaanza kueleza.