Msandali wa Afrika Mashariki

Msandali wa Afrika Mashariki (Osyris lanceolata) ni kichaka au mti mdogo wa familia ya Santalaceae, ndugu wa msandali wa Uhindi (Santalum album). Hupenda miteremko ya mawe, kingo za misitu na vichaka vya nyanda za juu, kuanzia mita 900 hivi hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria uko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hiyo mwinuko si kikwazo hata ufukoni; kinachokosekana huko ni mawe. Mkazi wa Makoko, kando ya ziwa hilo mjini Musoma, Tanzania, anayetaka kuutafuta aelekee kwenye vilima vya mawe vya Musoma, Bunda na Butiama, si kwenye matope ya ufukoni.

Haukui sana, na maua yake ni madogo mno, ya kijani-njano, hata mtu hupita bila kuyaona. Dalili ya kwanza ni majani: magumu kama ngozi, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu au buluu, yamepangwa kwa kupishana, na kila moja lina ncha ndogo kali. Hauna miiba. Usiuchanganye na mimea mingine: mdaa (Euclea divinorum), unaoweza kuota jirani, una majani yenye kingo za mawimbi, mengi yakikaribia kukabiliana. Kichaka cha Dodonaea viscosa nacho kina majani yanayonata na matunda yenye mbawa nyembamba. Tunda la msandali ni la mviringo, lenye mbegu moja, na hugeuka kuwa jekundu likiiva. Kwa kuwa miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, matunda huonekana kwenye ya kike tu.

Harufu inayotafutwa imo kwenye kiini cha shina na mizizi. Ndiyo maana wavunaji haramu huung'oa mzima, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki, ukiwemo wa Tanzania, uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ulinzi huo ulihitajika sana, kwa sababu kuurudisha ni kazi ngumu: mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya mimea mingine na kunyonya maji na madini, hivyo mche unaopandwa peke yake hudhoofika. Anayeupanda hana budi kuupanda pamoja na mmea mwenyeji.