Kura ya mchujo njo ilirudisha kamera barabarani

Wenzangu, mwaka wa mwisho wa lisansi, mwenzetu mmoja wa agronomia aligongwa na kamio kwenye barabara ya Kasumbalesa. Alikuwa anatoka kupima mahindi ya kazi yake ya mwisho. Tulilia, tukachanga franka, tukalaumu shofere. Kiisha tukanyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliuliza: nani njo anaamua mwendo wa motokari pale? Ulizo hilo lilinifikisha mbali, mpaka kwenye historia ya New York.

Pale, barabara ni za mji, lakini mwendo na kamera vinategemea sheria ya jimbo, inayopigiwa kura Albany. Mwaka 2013, bunge la jimbo liliruhusu mji kuweka kamera 20 za mwendo karibu na masomo. Mwaka 2014 zikafika 140, na mwendo wa kawaida ukashushwa kutoka maili 30 kwa saa mpaka 25, ni kusema karibu kilometa 40. Mwaka huohuo wa 2014, wazazi waliofiwa na watoto barabarani walianzisha shirika la Families for Safe Streets.

Lakini ruhusa ya kamera ilikuwa na mwisho. Mwezi wa Julai 2018 Seneti ya jimbo ilikataa kuirefusha, na kamera zikazimwa. Serikali ya mji na gavana walitafuta njia ya haraka ya kuziwasha mbele ya masomo kufunguliwa, lakini sheria yenyewe ilibaki inangojea Seneti. Basi, Seneti njo ilipaswa kubadilika.

Tarehe 13 Septemba 2018 ikafika kura ya mchujo. Hii ni kura ambamo wanachama wenyewe wanachagua nani atasimama kwa jina la chama. Mitaa mingi ya New York ina chama kimoja chenye nguvu, kwa hiyo anayeshinda mchujo amekwisha kushinda kiti. Na wanaokuja kupiga hiyo kura ni wachache, njo maana kikundi kidogo chenye kujipanga kinaweza kuwa na uzito. Siku ile, maseneta 6 kati ya 8 wa Democratic waliokuwa wameshirikiana na Republican walianguka. Sababu zilikuwa nyingi, siyo barabara peke yake. Kusini mwa Brooklyn, Andrew Gounardes alishinda mchujo wake, na mwezi wa Novemba akamwangusha Marty Golden, seneta wa miaka mingi. Mwaka 2019 Gounardes huyo njo alibeba sheria ya kupeleka kamera kwenye maeneo 750 ya masomo. Tangu Agosti 2022 zinafanya kazi usiku na mchana.

Haikuwa mteremko. Kijana mmoja wa miaka 12, Sammy, aliuawa na motokari Brooklyn mwaka 2013. Sheria yenye jina lake, ya kuruhusu mji kushusha mwendo mpaka maili 20, ilipita Seneti mwaka 2023, lakini chumba cha pili hakikuipigia kura, hata baada ya wazazi kukaa na njaa Albany. Ilipita tu mwaka 2024. Miaka zaidi ya kumi, kwa maili 5!

Kwetu hakuna mchujo wa namna ile. Orodha za wagombea zinapangwa na wakubwa wa vyama. Lakini sisi wa agronomia tunajua: ukikosa kuchagua mbegu, usilaumu mavuno. Wengi kati yetu tunaamka siku ya kura, wakati majina yamekwisha kuandikwa. Anayetafuta kuwa mbunge wa jimbo anapita kwetu mapema, anatafuta vijana wa kumsindikiza. Pale njo pa kumuuliza: barabara hii utaifanyia nini, na lini?

Mwenzetu hakumaliza kupima mahindi yake. Tusikawie tena kuuliza.