Mzimu Uliovuka Bahari: Wasomaji wa Bwana Msa, kutoka Unguja hadi Makongolosi

Mwaka 1960, East African Literature Bureau, ofisi iliyoundwa na wakoloni mwaka 1948 ili kuchapisha na kueneza vitabu katika lugha za nchi zetu, ilitoa riwaya fupi yenye jina zito: Mzimu wa Watu wa Kale. Mtungaji wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika magazeti mwaka 1948, na kitabu chake kilipotoka alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Mswada ulikwisha kupata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Habari hizi za mtungaji zimeandikwa mara nyingi, na zinastahiki. Makala hii yataka kumtazama mtu wa upande wa pili wa kitabu, yaani msomaji, na hasa msomaji aliye mbali na bahari.

Kisa chenyewe kinajulikana, nami sitamharibia utamu yule ambaye bado hajakisoma. Mwenye shamba anauawa. Maiti yake inakutwa penye mzimu. Na mara moja fikira za wengi zinawaelekea wale wasioonekana. Anaingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi, naye anakataa kuridhika na jawabu hilo. Anapima maneno ya watu, anatazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita, na mwisho anaufikia mkono wa binadamu. Kila mhakiki aliyemsoma amemwona nyuma yake Sherlock Holmes, na hapana haja ya kulificha hilo. Hata mbinu ya kuuweka mzimu mlangoni na binadamu chumbani imo katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1901 na 1902: jibwa la kishetani linatisha nchi nzima, kumbe lina mwenyewe anayelifuga.

Mbinu hiyo ina historia ndefu zaidi, na historia hiyo ni ya wasomaji pia. Huko Uingereza, Ann Radcliffe alipotoa The Mysteries of Udolpho mwaka 1794, aliwatetemesha watu kwa sauti za usiku na mapazia meusi, kisha akazieleza sauti zote kwa sababu za kawaida. Wako walioshukuru, na wako walionung'unika kwamba wameogopeshwa bure. Jane Austen akamfanya msomaji wa namna hiyo kuwa kichekesho katika Northanger Abbey, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1817. Basi tangu mwanzo wa fani hii pana mapatano yasiyoandikwa baina ya mtungaji na msomaji: mimi nitakutisha, nawe utakubali kutishwa, na mwisho nitakurudishia dunia yako kama ilivyokuwa. Suali ni hili: dunia ya msomaji ilikuwaje kabla hajafungua kitabu?

Hapa neno mzimu lenyewe linatudai maelezo. Visiwani petu, mzimu aghalabu ni mahali: pango, mbuyu, jiwe, gofu la watu waliotangulia, ambapo watu hufukiza ubani na kuweka nadhiri. Mtu huenda mzimuni, kisha hurudi. Sehemu nyingi za bara, ukisema mizimu, huwataji mahali. Unawataja wafu wenyewe, mababu ambao hawakuondoka katika ukoo, ambao hukasirika wakisahaulika na hulegea wakikumbukwa kwa tambiko. Kamusi zinazipokea maana zote mbili bila ya ugomvi, lakini msomaji haingii kitabuni na maana zote mbili kwa uzito mmoja. Kwa msomaji wa Unguja, jina la riwaya lilitaja pahala ambapo jambo limetokea. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini, jina lile lile laweza kuonekana kumtaja mshitakiwa.

Nimeuchagua Makongolosi kwa makusudi. Ni mji mdogo wa wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, kwenye barabara ipandayo kutoka Mbeya mjini, ikapita Chunya na kuendelea kaskazini kuelekea Rungwa. Ni nchi ya dhahabu ya Lupa. Dhahabu hiyo ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Chunya ikajaa wachimbaji wa kila rangi na vibarua wa kila kabila. Katikati ya miaka ya 1950 mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa, na sehemu ile ikapoa. Hivyo riwaya ya Abdulla ilitoka wakati mashimo mengi yamelala. Baada ya masharti ya biashara ya dhahabu kulegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walirudi kwa wingi, na maduara, makarasha na zebaki vikawa tena maisha ya kila siku.

Njia ya kitabu kutoka kisiwani hadi nchi kama hiyo haikuwa ya ajabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za msingi kote Tanganyika, na ofisi ile iliyokichapa ilikuwa pia ikiendesha maktaba za masanduku na kuazima vitabu kwa posta. Baada ya Uhuru, na hasa katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, watu waliojua kusoma waliongezeka mno, na kiu ya kitabu chenye kusisimua ikaongezeka nao. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilikwisha kutoka mwaka 1965. Abdulla mwenyewe akaongeza Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na nyenginezo. Jina la Giningi lamwambia Mzanzibari kila kitu, maana ndiyo nchi ya wachawi katika masimulizi yetu. Mara ya pili mtungaji alitumia hila ile ile: akaandika jalada kwa wino wa uchawi, na hadithi kwa wino wa upelelezi.

Wasomaji wenye kalamu hawakuipokea fani hii kwa moyo mmoja. Waamuzi wa mashindano waliona ndani yake Kiswahili kilicho hai na mtungo mpya, nao hawakukosea. Mazungumzo ya Bwana Msa na wenziwe ni katika mazuri ya nathari yetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, upepo uligeuka. Wahakiki wengi walitaka riwaya ieleze unyonyaji, matabaka na ujenzi wa nchi, na hadithi za upelelezi zikawekwa katika kapu la fasihi pendwa, jina ambalo mara nyingi lilitamkwa kwa kukunja uso. Walisema kuwa hadithi hizi zinatafuta mwuaji mmoja na kuiacha jamii salama. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini walipita haraka mno karibu na mzimu. Waliuhesabu kuwa pambo la kutisha, wakati ndio uliokuwa jambo la kijamii kuliko yote kitabuni: namna watu wazima, wenye akili zao, wanavyoacha kuuliza pindi linapotajwa jina la wasioonekana.

Na jambo hilo halikubaki kitabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa Mbeya ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, ngozi ambazo zilisemwa kuwa zauzwa kwa ajili ya uganga wa utajiri, hata ng'ambo ya mipaka. Kuanzia mwaka 2007 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, nchi nyengine ya dhahabu na ya uvuvi. Wanyonge hao waliuawa au kukatwa viungo kwa sababu waliambiwa wenye tamaa kuwa kiungo cha mtu huleta bahati kwenye shimo au kwenye nyavu. Januari 2009 serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikatangaza tena kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Sasa tumweke msomaji wa Makongolosi mbele ya riwaya ya Bwana Msa, akiwa na habari hizi masikioni. Mtungaji anamwambia: mzimu hauui, auaye ni mtu. Msomaji atakubali, kisha atasita, na kusita kwake ni uhakiki ambao hatukuupata katika majarida ya chuo. Katika riwaya, imani ni pazia. Mwenye hila anajificha nyuma yake, na Bwana Msa akilivuta pazia, mambo yamekwisha. Katika mauaji ya ngozi na ya viungo, imani haikuwa pazia. Ilikuwa bidhaa. Alikuwapo aliyeagua, alikuwapo aliyelipa, alikuwapo aliyetumwa kuua na alikuwapo aliyebeba. Baadhi yao yumkini hawakuamini chochote isipokuwa fedha. Lakini yule mnunuzi wa mwisho, aliyeteremka durani akingojea jiwe liwake, aliamini kweli. Kumwambia huyo kuwa mzimu hauui si kumjibu. Yeye hakusema kuwa mzimu unaua. Alisema kuwa unalipa.

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya bara peke yake. Mwaka 1995 visiwa vyetu vilishikwa na khofu ya popobawa, iliyoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja. Watu walilala nje, majirani wakikesha pamoja kwa mwanga wa taa. Katika kiwewe hicho, mtu mmoja mgeni, mgonjwa wa akili, alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, akapigwa hadi kufa na watu mjini Unguja. Hapa imani haikuwa pazia wala bidhaa. Ilikuwa woga mtupu, na woga uliua. Kisiwa kilichomzaa Bwana Msa, zaidi ya miaka 30 baada ya riwaya yake, hakikuwa na Bwana Msa hata mmoja usiku ule wa kusema: ngojeni kwanza, tumwulize mtu huyu jina lake.

Kwa hiyo wasomaji wa riwaya ya mzimu hawagawanyiki, kama tulivyozoea kusema, baina ya waliostaarabika wanaocheka na washamba wanaotetemeka. Mtu aweza kuheshimu kaburi la babu yake, akafanya tambiko lake kwa unyenyekevu, na bado akataka kujua nani alikuwa na kisu. Mtu mwengine aweza kucheka mizimu yote barazani mchana, na usiku akawa wa kwanza kuokota jiwe. Riwaya ya Abdulla haimlazimishi msomaji kuvunja mzimu wala kuuabudu. Yamtaka asiukubali kuwa jawabu la kifo cha mtu. Hilo ndilo lililo zima ndani yake hata leo, ingawa mitego yake mingine imezeeka na msomaji mwerevu huiona kabla ya Bwana Msa.

Lililobaki ni kazi ya watungaji wanaokuja, na Nyanda za Juu Kusini zina haki ya kuidai. Mpelelezi wa kisiwani alihitaji kumpata mwuaji mmoja tu katika shamba moja. Riwaya ya nchi ya dhahabu itahitaji mpelelezi awezaye kuifuata fedha kutoka kwa mwenye duara hadi kwa mganga, kutoka kwa mganga hadi kwa mchinjaji, na kurudi nyumbani kwa marehemu, ambako watu wanalinda kaburi lisifukuliwe. Itahitaji pia mtungaji asiyewadharau wanaoamini, kwa kuwa waliouawa nao walikuwa na mababu zao, na jamaa waliowatambikia. Msomaji wa riwaya hiyo yuko tayari. Amekuwako tangu kitabu cha kwanza kilipofika bara ndani ya sanduku la maktaba, akisoma jina la jalada kwa maana yake mwenyewe.