Sinema ndogo Kitale na Bungoma: filamu zipi, saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani

Filamu iliyopigwa Kilifi ilionyeshwa Amsterdam mwaka 2019. Nyingine iliyopigwa Lamu ilipata tuzo Durban mwaka 2018. Muulize mwalimu wa Kitale au mwenye duka Bungoma kama amewahi kuziona, atakuuliza ni filamu gani hizo. Kazi zetu huvuka bahari kabla ya kuvuka Mto Nzoia.

Ndugu zetu wengi wa Pwani wako pande hizo: walimu, wafanyabiashara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, waliooa na walioolewa huko. Wala uhusiano si wa jana. Misafara ya Waswahili ilipiga kambi Mumias, karibu na Bungoma, tangu karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi huko. Basi makala haya ni mwongozo kwa anayetaka kutizama filamu katika ukumbi mdogo miji hiyo miwili, na kwa anayetaka kuwa muandalizi.

Sinema ndogo ni kitu gani

Majumba makubwa ya sinema Kenya yamejazana Nairobi, na machache yako Mombasa, Kisumu na miji mingine mikubwa. Mengi huishi kwa filamu za Marekani na India, kwa sababu hizo ndizo zinazoletwa na wasambazaji kila wiki.

Sinema ndogo ya kujitegemea ni mambo mengine. Ni ukumbi wa viti 40 hadi 100, mwenyewe huchagua filamu, na mara nyingi baada ya filamu watu hubaki kuzungumza. Nairobi kuna Unseen, inayojulikana kwa filamu za Kiafrika na zile zisizofika majumba makubwa. Goethe-Institut na Alliance Française nao huonyesha filamu katika kumbi zao. Kibera na Mathare kuna tamasha la filamu za mitaa ya mabanda, Slum Film Festival, lililoanza 2011.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi uko Zanzibar. Tamasha la ZIFF, linalofanyika Ngome Kongwe tangu 1998, limekuwa likipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba badala ya kungoja wanavijiji waje mjini. Turubai, projekta na jenereta, watu wakakaa mkekani. Kitale na Bungoma hazihitaji zaidi ya hayo kwa kuanzia.

Tulikotoka

Sisi watu wa Pwani sinema si mgeni kwetu. Zanzibar jumba la Royal lilifunguliwa 1921. Likaungua miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic. Mombasa wazee bado wanazitaja Regal, Naaz, Majestic na Kenya. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima, Reel Pleasures (2018), juu ya majumba ya sinema ya Tanzania Bara na Zanzibar, na moja katika aliyoyaonyesha ni kwamba kwenda sinema lilikuwa jambo la familia: nguo nzuri, jirani na jirani, na maonyesho ya wanawake peke yao kwa wasiotaka kuchanganyika.

Bara nako kulikuwa na gari la sinema. Serikali ya kikoloni, na baadaye Wizara ya Habari pamoja na kampuni za sabuni na dawa za meno, walizunguka na magari yenye projekta. Mchana lilipita na kipaza sauti likitangaza "sinema leo!", usiku uwanja ukajaa. Halafu ikaja video, likaja kanda, ikaja sidii, na gari likapotea. Mahali pake pakachukuliwa na kibanda cha video, chenye mabenchi, runinga moja na filamu za mapigano zilizosimuliwa na DJ Afro.

Tusikidharau kibanda. DJ Afro amefundisha jambo ambalo wasomi wamelisahau: mtizamaji anataka kusemeshwa kwa lugha yake. Lakini vibanda vingi vina kasoro tatu. Filamu ni za wizi, mtoto wa miaka minane hukaa pamoja na mtu mzima akitizama damu, na filamu ya Mkenya mwenzao haionyeshwi kabisa.

Sheria inasema nini

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hivyo tuende polepole. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inasema filamu inayoonyeshwa hadharani lazima iwe imekaguliwa na kupewa cheti. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, KFCB. Bodi ndiyo inayotoa leseni kwa mwenye ukumbi, na hata bango la tangazo la filamu linapitia kwake.

Madaraja ni matano. GE ni ya watu wote. PG ni ya watoto wakiwa na uongozi wa mzazi. 16 ni ya waliotimiza miaka 16, na 18 ni ya watu wazima. Ya mwisho ni filamu zilizozuiliwa, ambazo haziruhusiwi kuonyeshwa. Tangazo lolote la filamu lisilo na daraja, usimpeleke mtoto.

Jambo la pili ni haki ya mwenye filamu. Kununua sidii au kulipia filamu kwenye simu ni ruhusa ya kutizama nyumbani. Kuwaonyesha watu ukumbini ni haki nyingine, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye kazi. Kwa filamu, haki hiyo hudumu miaka 50. Kuonyesha bila idhini, hata bure, hata madrasa, ni kuchukua mali ya mtu. Wetu tunajua hukumu ya kula jasho la mwenzio bila ridhaa yake, hatuhitaji kungoja polisi atukumbushe.

Habari njema ni kwamba watengenezaji wa Kenya hupatikana. Mwandikie barua pepe mtayarishaji, mwambie ukumbi una viti vingapi, utatoza kiasi gani, utaonyesha mara ngapi. Wengine hutaka ada maalumu, wengine hukubali kugawana mapato ya mlangoni. Docubox, mfuko wa filamu za maisha halisi ulioanzishwa na Judy Kibinge, unawajua watengenezaji wengi na ni pahala pazuri pa kuanzia. Pata idhini kwa maandishi.

Jambo la tatu ni kibali cha biashara cha kaunti. Trans Nzoia na Bungoma ni kaunti mbili, na kibali cha moja hakitumiki kwa nyingine. Anayetaka kuonyesha Kitale Ijumaa na Bungoma Jumamosi aulize ofisi zote mbili mapema. Ukumbi uwe na milango miwili na mtungi wa kuzimia moto, sheria ikuulize isikuulize.

Filamu za kuanzia

Hizi tano zinatosha msimu mmoja, moja kila mwezi. Nimezipanga kuanzia nyepesi.

Supa Modo (2018), ya Likarion Wainaina, dakika 74. Ni kisa cha Jo, msichana mgonjwa sana anayependa filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea filamu yake yeye ndiye shujaa. Ilionyeshwa Berlin na Kenya ikaipeleka kuwania Oscar. Nzuri kwa familia, lakini mzazi ajue kwamba inazungumzia kifo.

Watu Wote (2017), ya Katja Benrath, dakika 22 tu. Inatokana na tukio la Desemba 2015 karibu na El Wak, Mandera, pale Waislamu waliokuwa ndani ya basi walipokataa kutengwa na Wakristo ili wenzao wauawe. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016. Filamu ilifika hatua ya kuwania Oscar mwaka 2018. Bungoma na Kitale ni miji ya makanisa mengi na misikiti michache, na sijui njia fupi zaidi ya jirani kumfahamu jirani yake kuliko dakika hizi 22. Ina bunduki na vitisho, isionyeshwe watoto wadogo.

The Letter (2019), ya Maia Lekow na Christopher King, dakika kama 80. Kijana Karisa anarudi kwao Kilifi baada ya bibi yake kuitwa mchawi na watu wa nyumba yake mwenyewe. Ukiifuata utaona kwamba nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Sisi tunalijua jambo hili: wazee wa Kilifi wameuawa kwa tuhuma hizo, na Kaya Godoma kule Ganze imewapa hifadhi waliokimbia. Lakini ugomvi wa ardhi ndani ya ukoo si wa Wagiriama peke yao. Mlima Elgon, ndani ya Kaunti ya Bungoma, mgogoro wa makazi ya Chebyuk ulizaa vita vya kundi la SLDF vilivyomalizwa 2008. Filamu hii ikionyeshwa Kimilili au Kapsokwony, mazungumzo baada yake yatakuwa marefu kuliko filamu yenyewe.

New Moon (2018), ya Philippa Ndisi-Herrmann. Mtengenezaji alikwenda Lamu kupiga filamu ya bandari mpya, akajikuta anavutwa na Uislamu, na safari hiyo ya moyo ndiyo ikawa filamu. Ndiyo iliyotuzwa Durban kama filamu bora ya maisha halisi. Ni ya polepole, haina mapigano. Mtu wa bara anayeijua Lamu kwa habari za mashambulizi tu ataiona sura nyingine.

Nairobi Half Life (2012), ya David Tosh Gitonga, dakika 96. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuota kuwa muigizaji. Anafika Nairobi na kuangukia mikononi mwa wezi. Ni ya watu wazima, ina matusi, umwagaji damu na mambo ya aibu. Muandalizi wa madrasa aiache. Muandalizi wa chuo kikuu ataijaza ukumbi.

Saa na majira

Bungoma iko magharibi ya Mombasa kwa nyuzi 5 za longitudo, na kila uzi ni dakika 4. Ndiyo kusema Magharibi ya Bungoma huja kama dakika 20 baada ya ile ya Mombasa, na giza vilevile. Anayepanga onyesho la uwanjani kwa saa ya Mombasa atakuta turubai halionyeshi kitu. Usiku, anza baada ya Isha, saa mbili na robo, na chagua filamu itakayokwisha kabla ya saa nne, watu wapate bodaboda.

Kwa kina mama na watoto, Jumamosi saa nane mchana ni bora. Supa Modo itakwisha saa tisa na robo, mazungumzo nusu saa, na Alasiri haijampita mtu. Weka mapazia mazito. Onyesho la wanawake peke yao, kama walivyofanya Zanzibar, litawaleta ambao hawangekuja.

Kitale iko mita kama 1,900 juu ya bahari na usiku wake una baridi. Mwenyeji wa Mombasa abebe sweta. Mvua ya alasiri huko hupiga tangu Machi hadi Oktoba, na chini ya bati hutasikia neno hata moja la filamu. Kwa hivyo msimu wa masika tafuta ukumbi wenye dari, na maonyesho ya uwanjani yangoje Desemba hadi Februari. Bungoma nayo ina Agosti yake: kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2026, Wabukusu hutahiri vijana wao, na usiku ni wa ngoma. Usishindane na ngoma. Ramadhani pia acha usiku kwa tarawehe.

Hesabu

Chukua mfano wa viti 60 kwa shilingi 100. Ukijaa ni shilingi 6,000. Ukijaa nusu ni 3,000, na humo mna kodi ya ukumbi, ada ya filamu, petroli ya jenereta na mtu wa mlangoni. Si biashara ya kutajirisha. Ndiyo maana heri waandalizi watatu, wanne washirikiane projekta moja kati ya Kitale, Webuye na Bungoma. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha ukumbi wenye giza na kitambaa cha mita tatu. Spika nzuri ni muhimu kuliko projekta ghali: mtu huvumilia picha hafifu, asichosikia hukiacha.

Na kama wewe si muandalizi, kazi yako ni ndogo lakini ndiyo nguzo. Ukiona tangazo la filamu ya Kenya mjini kwako, tizama daraja lake, lipa tikiti, mchukue jirani, ukae mpaka mwisho wa mazungumzo. Ukumbi mdogo hufungwa kwa viti vitupu kabla haujafungwa na serikali. Bibi wa Kilifi aliyeitwa mchawi amekwisha sikilizwa Amsterdam. Anastahili kusikilizwa na Webuye pia.