Tangi la Floreffe na mtaro uliosahaulika

Jioni ya Jumamosi, tarehe 2 Januari 1988, dizeli ilikuwa ikipampiwa ndani ya tangi moja la kampuni ya Ashland Oil huko Floreffe, kando ya Mto Monongahela, jimboni Pennsylvania, Marekani. Tangi halikuwa jipya. Lilibomolewa Ohio, likasafirishwa vipande vipande na kuungwa tena hapo, na chuma chake kilishapita miaka 40. Siku hiyo ndiyo lilikuwa likijazwa hadi juu kwa mara ya kwanza tangu liungwe.

Kwenye kipande kimoja, karibu na mahali palipochomelewa, palikuwa na dosari ndogo yenye upana wa sarafu. Chuma cha zamani kikipigwa na baridi kali hukatika kama kioo. Tangi lilipasuka kutoka chini hadi juu, na takriban galoni milioni 3.9, yaani karibu lita milioni 15, zikamwagika kwa mkupuo mmoja.

Kinga ilikuwepo. Tangu kanuni za mwaka 1973, maghala ya mafuta nchini humo yalitakiwa kuwa na mpango wa maandishi wa kuzuia umwagikaji, pamoja na tuta la kuyazingira matangi. Tuta hupimwa kwa ujazo: likiweza kubeba mafuta ya tangi kubwa kuliko yote, mkaguzi anaridhika. Hesabu hiyo inafaa tangi linapovuja. Tangi linapopasuka, mafuta huja kama wimbi, na wimbi la Floreffe liliruka tuta, likavuka uwanja wa kuegesha magari wa jirani na kuingia kwenye mtaro wa maji ya mvua uliokuwa wazi. Mtaro huo ulimwaga moja kwa moja mtoni. Galoni zipatazo 750,000 zilipita hapo.

Giza lilikuwa limeingia. Vikosi vilivyofika vilitandaza maboya marefu ya kuzuia mafuta, vifaa ambavyo hufanya kazi mafuta yanapoelea. Monongahela una malango ya meli na mabwawa. Maji yakiporomoka hapo huchanganyika, na dizeli ikasambaa kuanzia juu hadi kina cha mto, ikapita chini ya maboya. Pittsburgh ipo mbele, mto unakoelekea, na hapo ndipo Mto Ohio unapoanzia. Miji iliyokuwa ikivuta maji ya kunywa kutoka mito hiyo, katika Pennsylvania, West Virginia na Ohio, ilibidi ifunge mabomba yake kwa zamu kadiri mafuta yalivyokaribia. Watu wapatao milioni moja waliathirika.

Mkurugenzi mkuu wa Ashland, John R. Hall, alikwenda Pittsburgh, akaomba radhi na kukiri kwamba tangi lilijengwa bila kibali cha maandishi. Walimu wa mawasiliano bado wanamsifu kwa hilo. Mimi ningempa sifa kubwa zaidi mtu ambaye angelijaza tangi lile maji tupu kwanza, hadi juu, ili kulijaribu kabla ya kulitia dizeli.

Serikali mjini Washington ilihitaji mkasa wa pili ndipo ibadilishe sheria. Machi 1989 meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska, na Agosti 1990 Rais George H. W. Bush akatia saini sheria mpya ya uchafuzi wa mafuta. Kanuni zake kwa maghala zilitoka mwaka 1994. Sasa mwenye ghala kubwa lililo karibu na maji alitakiwa kuandika namna atakavyokabiliana na umwagikaji mbaya kuliko wote, kumtaja mtu mwenye mamlaka anayepatikana saa 24, kuwa na mkataba wa vifaa, kufanya mazoezi, na kuchora ramani ya kila mtaro.

Lakini kanuni hizo ni za mafuta. Januari 2014, mjini Charleston, West Virginia, tangi la kampuni ya Freedom Industries lilitoboka chini na kumwaga kemikali ya kusafishia makaa ya mawe katika Mto Elk. Chanzo cha maji ya kunywa kilikuwa kilomita mbili na ushee tu kutoka hapo, na wakazi wapatao 300,000 wakaambiwa wasitumie maji ya bomba. Kemikali ile haikuhesabiwa kuwa mafuta.