Mapango ya Mlima Elgon

Msafiri atokaye Kitale alfajiri aweza kuyazuru mapango ya Elgon na kurudi kabla ya jua kuchwa, na wengi hufanya hivyo siku za likizo. Hupita lango la Chorlim, wakaingia msituni penye miti mirefu ya podo, kisha wakapanda kwa miguu mpaka kinywani mwa Kitum. Pango hili lapenya mlimani kiasi cha mita 200. Ndani mna giza na popo wengi, na ukiinua taa utaona kuta zimejaa mikwaruzo, kana kwamba fundi alizichonga kwa tezo.

Je, ni nani fundi huyo? Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika mlimani, akawakuta Wakony wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na nyumba zimejengwa mumo humo. (Jina lao ndilo lililozaa jina la Elgon.) Aliwauliza habari za mapango. Wakamwonyesha vishoka vyao vidogo, wakasema kwamba ile ni kazi ya Mungu. Thomson hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alidai kwamba taifa la kale, lenye nguvu na ustaarabu, liliyachimba likitafuta vito au madini.

Taifa hilo halikuwako. Mwamba wa Elgon ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, nao una chumvi. Tembo huingia usiku, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza kuu, wakavunja mwamba kwa pembe na kuusaga kwa magego. Wenyeji nao waliubandua kwa ajili ya mifugo yao. Naona Thomson angeuliza habari za wanyama kabla ya kutafuta wafalme, asingehitaji kubuni taifa zima.

Wabukusu huuita mlima huu Masaba. Wafuasi wa Dini ya Msambwa, chini ya Elijah Masinde, waliuheshimu kuwa mahali patakatifu pa wahenga. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, na Masinde akakaa kizuizini mpaka mwaka 1961. Mlima wenyewe haukuweza kupigwa marufuku.

Majangili waliwaua tembo wengi wa Elgon katika miaka ya 1980. Waliosalia wangali wakiujua mwamba wenye chumvi.