Mafao ya Mwenye Ulemavu na ya Asiye na Ajira: Nani Anastahili Nini?

Katika Waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba msaada kwa asiye na ajira unatokana na haki ya kuishi, na kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zote, ikiwemo ya kufanya kazi. Je, sheria za Tanzania zinawapatia nini?

Asiye na ajira. Mwanachama wa NSSF au PSSSF aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, na ambaye ajira yake imekoma pasipo yeye kujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6.

Mwenye ulemavu. Aliyeumia kazini huhudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), chini ya sheria ya mwaka 2008. Mchangiaji ni mwajiri peke yake. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, pensheni hukokotolewa kwa asilimia 70 ya mshahara. Aliyepata ulemavu nje ya kazi aweza kuomba pensheni ya ulemavu katika mfuko wake, akitimiza masharti ya michango.

Wasio na michango. Hapa ndipo lilipo pengo kubwa. Mkulima wa Vigwaza, mama lishe wa kando ya barabara kuu ya Morogoro, na kijana aliyezaliwa na ulemavu hawamo katika mifuko hiyo. Kwao umebaki mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao kigezo chake cha kwanza ni umaskini wa kaya. Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini hurejeshwa. Haiwezi kuhesabiwa kuwa fao.

Wajibu wetu. Mwajiri mkristo anayekata michango bila kuiwasilisha humnyima mwenzake mkate wa siku ya shida. Mfanyakazi naye akague taarifa ya michango yake mapema. Jumuiya Ndogo Ndogo zihakikishe kwamba mwenye ulemavu hafichwi ndani siku ya mkutano wa kijiji unaotambua kaya maskini. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba aliwatoka sokoni wale ambao hakuna aliyewaajiri, akawatafuta hata saa ya mwisho. Nasi tutoke tukawatafute.